Lita 3,000 kwa saa, wapi?

Hii tabia ya maduka ya Kisumu kuuza pampu za kupandisha maji mapya kutoka pipani hadi tangi la samaki kwa namba moja imezidi. "Hii ni lita 3,000 kwa saa, chukua." Hizo ni lita za pampu isiyopandisha maji popote! Geuza boksi utafute H-max, yaani kimo ambacho maji yakifika hayasongi tena. Ikiwa ni mita 2, na ukingo wa tangi lako uko mita 1.4 kutoka sakafuni, lita nyingi zimeishia njiani. Tena mwanzoni utadanganyika: pipa la lita 210 likijaa, maji yanatiririka vizuri, likikaribia kuisha, kimo kimeongezeka na mpira unatoa mkojo wa paka.

Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, theluthi yake ya kubadilisha ni lita 180. Tafuta H-max ya mita 3 au zaidi, na mpira wa milimita 25, si ule mwembamba wa kumwagilia sukuma wiki. Anayekushauri ufunge pampu ya kisima mpuuze. Itachimbua mchanga wote na kuwapiga fulu wako, hao samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ukutani.

Na stima je? Ikipotea huku mdomo wa mpira umezama tangini, maji yanarudi pipani yenyewe hadi sakafu iloe. Mdomo uninginie juu ya maji. Dawa ya kuondoa klorini itangulie pipani, na pampu izimwe kabla haijaanza kunyonya hewa, kwa sababu hupozwa na maji hayo hayo, ikikauka, inaungua.