USB au eSATA: data hupotelea wapi?

Fundi mmoja wa video za harusi aliniletea diski ya nje iliyokuwa ikigonga tik, tik, tik, kisha inapotea kwenye skrini. Hukumu alishaitoa: "USB ndiyo mbovu. Bora ningetafuta ya eSATA."

Ana hoja. eSATA, iliyotoka mwaka 2004, ni njia ileile ya SATA inayotumiwa na diski ndani ya kompyuta, imetolewa tu nje. Katikati hakuna mkalimani. Kompyuta inaongea na diski yenyewe na kusoma ripoti ya afya yake, ile SMART. Diski nyingi za USB zina chipu ya kutafsiri ndani ya kasha, na wakalimani hawa wana vituko. Wengine hawapitishi SMART. Wengine husimba data kwa ufunguo wao bila mwenye mali kuambiwa. Chipu ikiungua, ukiitoa diski na kuifunga ndani ya kompyuta unaona takataka tupu. Wapo pia wanaoibadilishia diski hesabu ya sekta, yaani ukubwa wa vipande vya kuhifadhia data, kutoka baiti 512 hadi 4,096. Ukiihamishia kasha jingine, Windows inakuomba uifomati. Usithubutu.

Ila kusema waya wa USB unakula data, hapo simo. Data ikipita kwenye USB huongozana na namba ya ukaguzi, CRC. Ikifika na kasoro, inatumwa tena. SATA nayo hukagua hivyohivyo. Kwa hiyo waya mbovu kwa kawaida hukuletea mwendo wa kobe au diski kukatika, si faili lililochakachuliwa kimyakimya.

Tatizo kubwa ninaloliona ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 ni 900, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kutaka zaidi ya hizo 500. Fundi wangu alikuwa ameichomeka kwenye habu, kile kigawa matundu ya USB, isiyo na adapta, pamoja na kibodi, mausi na simu inayochaji! Niliichomeka moja kwa moja kwenye laptopu kwa waya mfupi, ikatulia. (Si kila tik ni umeme, nyingine ni kichwa cha kusomea kinachoaga dunia, na hapo zima mara moja.)

Upande huu eSATA haina cha kujivunia, kwani ile ya kawaida haibebi umeme kabisa. Diski inategemea adapta ya ukutani, na umeme ukikatika katikati ya kuandika inazimika palepale, wakati ya USB iliyo kwenye laptopu inaendelea kunywa betri. Tena Windows mara nyingi huihesabu ya eSATA kama diski ya ndani: data inasubiri kwenye kashe (hifadhi ya muda) kabla ya kuandikwa, na kitufe cha kuitoa salama hukioni.

Mwenye kompyuta ya mezani, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) na tundu lenyewe la eSATA, aitumie tu. Huyu anayehama ukumbi hadi ukumbi nilimwachia USB. Nikamwekea mfumo wa faili wa NTFS badala ya exFAT, isiyo na daftari la mabadiliko (journal) la kuikinga diski ikichomolewa ghafla, na programu ya kulinganisha SHA-256 (alama za vidole za faili) za nakala na za kadi ya kamera kabla kadi haijafutwa. Habu amebaki nayo, anachajia simu.