Jiko la peleti: idadi ya watu si kipimo

Muuzaji wa majiko ya peleti huanza na swali moja: "Mko wangapi nyumbani?" Ukisema saba, anakushushia kubwa, ukisema watatu, dogo. Ulaya jiko la peleti hupasha nyumba joto, hivyo hupimwa kwa ukubwa wa nyumba. Hapa Mwanza tunapikia, na kuhesabu vichwa kunatuponza.

Peleti ni vijiti vifupi vya maranda ya mbao au pumba za mpunga vilivyoshindiliwa, unene wake milimita 6 hadi 8. Majiko mengi ya kupikia ya aina hii hujazwa mara moja, huwashwa kwa juu, na feni ndogo husukuma hewa huku moto ukishuka taratibu. Si kama jiko la mkaa unalotupia vipande wakati wowote. Hapa ukiongeza katikati, moshi unajaa. Upana wa tumbo la jiko, yaani pale peleti zinapojazwa, ndio unaoamua ukali wa moto, na kina chake kinaamua utawaka kwa muda gani.

Wanaotetea jiko kubwa wana hoja nzito, nayo ni maharage. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na maharage hukawia kuiva kuliko Dar es Salaam. Tumbo la jiko dogo, lenye upana wa sentimita 10 na kina cha 10 hubeba kama nusu kilo ya peleti, na nusu kilo hiyo haifiki saa nzima kwa moto wa maana. Zikiisha, maharage bado magumu: teremsha sufuria, mwaga makaa, jaza, washa upya. Anayepitia hayo mara mbili jioni moja hurudi kwenye mkaa, na simlaumu. Halafu kuna ugali. Kuusonga wa watu saba juu ya jiko dogo, refu na jembamba, watoto wakizunguka, ni kutafuta ajali.

Lakini hebu tuhesabu mioto ya siku ya kawaida. Chai asubuhi, dagaa au sato mchana, maji ya kuoga, ugali usiku. Yote ni mioto mifupi. Kuchemsha lita 5 za maji hutaka kama robo kilo ya peleti. Kwenye tumbo la kilo moja, ukijaza robo tu moto unakaa chini, mbali na sufuria. Ukijaza lote, unachoma bure. Nyumbani kwetu Nyakato tulinunua kubwa, na chai ikawa inakula peleti karibu sawa na chakula cha usiku. Moto mpana chini ya sufuria ndogo nao hupanda ubavuni na kupotelea hewani, hasa upepo wa ziwani ukiingia barazani.

Kuna na hewa ya sumu. Ndimi za moto zikizima, makaa yaliyobaki huendelea kuitoa, na tumbo kubwa huacha makaa mengi. Kwa mpangaji wa chumba kimoja kule Mabatini au Igogo, hili peke yake linatosha kuamua: dogo, tena lipikiwe nje.

Peleti zenyewe hubadilisha hesabu, jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Za mbao safi huacha majivu chini ya asilimia 1. Za pumba za mpunga, ambazo kanda yetu ina malighafi yake tele, huacha karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na joto lake ni pungufu. Jiko lilelile huwaka muda mfupi zaidi, na majivu huziba matundu ya hewa.

Mama lishe wa Mwaloni Kirumba achukue kubwa bila kusita, kwa kuwa sufuria yake haitoki motoni. Kwa nyumba ya kawaida naegemea dogo lenye kitako kipana, hata mkiwa saba, na maharage ya mara moja kwa wiki yalowekwe usiku kucha, yapikwe kwenye gesi au jiko la zamani. Kabla ya kulipa, nenda na sufuria unayoitumia kila siku na peleti utakazonunua mtaani kwako, si zile za dukani. Mwombe muuzaji ajaze, awashe, nawe utazame saa mpaka moto uzime.