Wale Kumi na Wawili Hawakujitakia

"Walijitakia." Neno hilo lilitamkwa Jumamosi iliyopita katika kikao chetu cha wasomaji, tena na dada ninayemheshimu sana, na mpaka leo linanikereketa. Tulikuwa tunawazungumzia wajakazi 12 wa nyumba ya Odysseus, wale walionyongwa katika Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer: Odysseus anarudi kutoka vitani na kukuta nyumba yake imejaa wanaume wanaomposa mkewe Penelope. Dada huyu alikuwa ametoka kumaliza riwaya ya tatu mfululizo kati ya hizi zinazowarudishia heshima wanawake wa visa vya Kigiriki. Clytemnestra, malkia aliyemuua mumewe, alimlilia machozi. Medusa, yule mwenye nyoka badala ya nywele, alimtetea mpaka chai ikapoa. Tulipofika kwa wajakazi, jibu likawa fupi: si walilala na maadui wa bwana wao? Walijitakia.

Nilimwomba afungue kitabu cha 22 cha utenzi huo. Humo Odysseus, akiwa amekwisha kumuua mposaji wa kwanza, anawasomea waliobaki makosa yao: mmekula mali yangu, mmewalala wajakazi wangu kwa nguvu, mmemposa mke wangu nami ningali hai. Kwa nguvu! Bwana mwenyewe ndiye aliyesema. Kurasa chache mbele bwana huyohuyo anamwuliza mzee Eurykleia, yaya wake wa zamani, ni wanawake gani waliomvunjia heshima, na kati ya 50 wa nyumba ile mzee anawataja 12.

Kwanza waliamriwa kuzibeba maiti za wale waliowalala na kuzitoa nje. Kisha wakaosha damu kwenye meza na viti kwa maji na sifongo. Odysseus alitaka wauawe kwa upanga, lakini mwanawe Telemachus, kijana aliyekua mikononi mwa nyumba hiyohiyo, akakataa: kifo safi hakiwafai. Akafunga kamba ya jahazi kwenye nguzo, akawatundika kwa safu. Homer anasema walikuwa kama njiwa walionaswa wavuni wakirudi kulala, na kwamba miguu yao ilirusharusha kidogo, si kwa muda mrefu. Mimi hapo huwa nafunga kitabu nikatoka nje.

Watafsiri wengi wa Kiingereza waliwaita watumishi, kana kwamba walikuwa na mshahara na siku ya mapumziko. Wengine walimtia Telemachus mdomoni neno "makahaba", ambalo katika Kigiriki cha mahali pale halimo. Emily Wilson, mwanamke wa kwanza kuchapisha tafsiri kamili ya utenzi huo kwa Kiingereza, mwaka 2017, aliliondoa. Kiswahili chetu kina neno lisilofichika: mjakazi. Mtu asiyeruhusiwa kukataa utasemaje alikubali?

Riwaya hizi nazipenda. Nakubali kwamba hata malkia walionewa. Mfalme Agamemnon, mume wa Clytemnestra, alimchinja binti yao ili apate upepo wa kusafiria, na mama gani angesahau? Lakini Clytemnestra alikwisha kusema maneno yake katika tamthilia jukwaani Athens mwaka 458 KK, na Medea, mama aliyewaua wanawe, akasema yake mwaka 431 KK, maneno makali kuliko mengi ninayoyasoma leo. Na tazama ni nani bado wanaoandikiwa: Circe binti wa Jua, Ariadne binti wa mfalme, Penelope mwenye nyumba. Mwandishi Pat Barker alimpa Briseis, mateka wa vita vya Troy, sauti katika riwaya mwaka 2018, nami namshukuru, kwa kuwa Briseis ni suria wa vita hasa. Hata hivyo naye alifika kambini akitokea ikulu ya mji wa Lyrnessus. Mwandishi Margaret Atwood aliwapa wale 12 nyimbo na hata kesi katika riwaya yake ya mwaka 2005. Ni jambo kubwa, siwezi kulikana. Ila wanaimba katikati ya sura za bibi yao, Penelope.

Huenda nalishika jambo hili kwa uchungu kwa sababu ya kwetu. Zanzibar hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Miaka 12 zaidi. Bibi yake bibi yangu alikuwa mmoja wao. Upande wa bwana tunautaja mpaka babu wa saba, hata jahazi lake tunalijua lilivyoitwa. Yeye jina hatulijui. Nilipokuwa mdogo nikiuliza, shangazi alikuwa akinijibu, "Huyo alikuwa wa nyumbani tu, mwanangu," kisha anainuka kwenda jikoni. Kati ya wale 12 pia Homer anatupa jina la Melantho peke yake, naye ni kwa sababu alikuwa na mdomo.

Yuko mwingine katika kitabu cha 20. Wanawake 12 walikuwa wakisaga shayiri na ngano kwa ajili ya karamu za waposaji. Wenzake wote wamemaliza wamelala, yeye ndiye mdhaifu kuliko wote na bado anasaga. Radi inapiga pasipo wingu. Anasimamisha jiwe na kumwomba Zeus, mkuu wa miungu: leo na wale karamu yao ya mwisho, hawa walionivunja magoti kwa kazi hii. Siku hiyohiyo waposaji wote wakafa, na Homer harudi kwake tena. Nataka kumsoma yeye, kurasa 300, kuanzia pale kwenye jiwe la kusagia, kabla hakujapambazuka.