Kijeba namba 31

Kwetu Umakondeni mjomba ndiye mwenye mtoto. Likitokea jambo, baba anaulizwa kwa heshima tu, anayeitwa ni mjomba. Ndiyo maana dada yangu hakuniomba, alinitangazia: "Jumamosi unampeleka mpwa wako kwenye majaribio ya mpira." Timu ya vijana chini ya miaka 17, kiwanja cha mchanga, hapa hapa Mtwara mjini.

Niwape picha kwanza. Nina miaka 38, kimo changu kiligoma darasa la saba, ndevu zimenikataa kabisa, na siku hiyo nilivaa bukta kwa sababu ya joto. Basi.

Kwenye fomu kuna sehemu ya kujaza nafasi unayocheza. Nikachungulia za wenzake: mshambuliaji, mshambuliaji, winga, mshambuliaji. Kila mtoto anajiona keshafika timu ya Namungo, si ndiyo hao hapo Ruangwa tu. Kipa alikuwa mmoja, naye kakaa golini kwa sababu kidole cha mguu kinamuuma.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri. Cheti cha kuzaliwa kinakaguliwa, mtoto anapewa kizibao chenye namba, wazazi mnakaa nyuma ya kamba na midomo yenu. Kocha hataki kusikia huyu mtoto wa nani, anaijua namba tu. Wanaanza na mbio fupi, wanakuja kutuliza mpira na pasi, halafu mechi ndogo, saba kwa saba. Wakaguzi wanazunguka na makaratasi, kila kipengele alama 1 hadi 5.

Mechi ikakwama. Magoli mawili, kipa mmoja. Mpira ukatoka nje, ukaja miguuni kwangu, nikauokota niurudishe. Kijana mwenye filimbi akaniona.

"Wewe dogo, kizibao chako kiko wapi?"

"Mimi ni mjomba mtu."

"Hata mimi mjomba wa watu. Kaa golini."

Nikavishwa namba 31, kibichi kwa jasho la aliyekivua, kimenigandia mgongoni. Shuti la kwanza sikulidaka, lilinidaka lenyewe, tumboni. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Jasiri huyu." Akaandika.

Mara namwona mpwa wangu huyo anakuja, mabeki kawaacha wote, tumebaki mimi na yeye. Macho yakakutana. Wajibu wa mjomba nikauelewa pale pale: nikajirusha kulia, mbali, nimpishe. Naye kwa kujua ndugu yake atampisha, akausukuma kushoto taratibu, kwa mbwembwe. Kisigino changu kilichochelewa kuondoka kikaugonga mpira, ukapiga mtambaapanya, ukarudi katikati ya uwanja.

Makofi. Mpwa wangu akashika kiuno. "Mjomba! Kweli mjomba?" Anaendelea kunisomea mashtaka, wapinzani wameshauchukua mpira, wamekwenda kufunga upande wa pili.

Nyuma ya kamba mama mmoja akapandisha sauti: "Namba 31 kijeba! Mtazameni magoti yale! Apimwe!" Mzee wa pembeni akadakia kwamba FIFA tangu 2009 kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 wanawapiga picha ya MRI kifundo cha mkono, mfupa ukionekana umeshaungana kabisa, umri umepita. Nikaficha mikono mfukoni. Wa kwangu umeungana Mkapa yuko Ikulu.

Majina hayasomwi, zinasomwa namba. Ya mpwa wangu haikutajwa. Ya mwisho ikawa 31.

Nikamfuata kocha nimtetee mtoto: goli lile lilikuwa lake, kisigino tu. Akanijibu kwa upole: "Kukosa goli si tatizo. Sisi tunatazama anafanya nini akishaupoteza mpira. Yule alisimama anagombana na kipa." Hapo, kusema kweli, sikuwa na la kujibu. Nikafungua mdomo nimweleze basi kuhusu umri wangu, akanikata: "Na wewe dogo acha kumsemea mwenzako. Jumamosi ijayo njoo na mzazi, na cheti halisi, si kopi."

Mpwa wangu alitangulia nyumbani na bodaboda. Mpaka nafika, kesi imeshasikilizwa. Dada amekaa kibarazani, anabangua korosho, kimya. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye magoti yenyewe.

"Posho wanatoa?"