Busu: la Mwarabu au la Mwajemi?

Kwenye baraza za Bagamoyo, neno "busu" lina wagombea wawili. Wapo wanaolipeleka Uajemi: pwani hii inajivunia Ushirazi, na hata bandari na nanga ni maneno ya huko. Wengine husema ni Kiarabu, basi.

Wa Uajemi wana ushahidi mzito. Kiajemi kina busidan, kubusu. Tena Ibn Manzur, mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiarabu, Lisan al-Arab, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, aliandika waziwazi kwamba baws, yaani kubusu, ni neno la Kiajemi lililoarabishwa. Kiarabu cha vitabuni husema qabbala.

Lakini neno lilikozaliwa si lazima ndiko tulikolipokelea. Tazama umbo: yazuru ya Kiarabu imetupa kuzuru, yabusu ikatupa kubusu. Kiajemi kilituachia zaidi majina ya vitu. Vitenzi tulivichota kwa Waarabu. Mimi naegemea huko: neno limetufikia kwa midomo ya Waarabu (wapi tena?), si kwa vitabu vyao.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi: neno likiwa la kuazima, basi wazee wetu hawakubusiana. Hapo nawaacha. Leo tunahesabu sita, saba na tisa za Kiarabu. Je, kabla yake hatukujua kuhesabu? Palikuwa na tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki kwa maharusi, siku zao saba za kujifungia ndani, na huko mabusu hayahesabiwi kwa lugha yoyote. Hata hivyo hoja yao haijafa kabisa: kukumbatia tunalo la Kibantu, la kubusu limekwenda wapi?

Jibu langu ni la kukisia. Tazama busu linavyotumika: mkono wa sharifu kwenye maulidi, msahafu unapofungwa, paji la uso la maiti kabla ya kuzikwa. Hayo yamefuatana na dini, na huenda neno lilizoeleka kwa heshima kwanza, chumbani baadaye.

Vijana nao wameleta denda, busu la kimapenzi la mdomoni, kutoka udenda, yale mate yanayochuruzika. Wazee hukunja uso, lakini neno hilo limefanya kazi ya maana: limelipunguzia busu mzigo. Mjukuu husema amembusu bibi mkono na hakuna anayecheka.