Catherine de' Medici: sumu wamemsingizia, ila damu ya 1572 haimtoki

Watu wakisikia jina la Catherine de' Medici akili inakimbilia kwenye sumu. Yaani huyu malkia wa Ufaransa, Mtaliano wa Florence aliyezaliwa 1519 na kuolewa akiwa na miaka 14, kwa wengi ni mchawi wa nguo nyeusi tu. Hapo mimi nakataa. Kwenye kasri la Blois kuna chumba chenye mbao za kuchongwa zaidi ya 200 ukutani, nyuma ya baadhi kuna vikabati vya siri, unakanyaga kipedali kilichojificha chini kinafunguka, na miaka nenda miaka rudi watu wanahadithiana kwamba humo ndo alikuwa anaficha sumu. Wakati chumba chenyewe ni cha enzi za baba mkwe wake, François I, na vikabati kama hivyo matajiri waliwekea vito na makaratasi yao. Halafu Jeanne d'Albret, malkia Mprotestanti wa Navarre, nchi ndogo jirani na Ufaransa, alipofariki Juni 1572 wakasema Catherine kamuua kwa glavu zenye sumu, na madaktari walishampasua wakakuta mapafu ndo mabovu! Kiukweli ugeni ulimponza, Mtaliano, ukoo wa mabenki, tena mwanamke kashika nchi, kumsingizia ilikuwa rahisi.

Na wanaomtetea wana hoja nzito. Mumewe Henri II alikufa 1559 baada ya kuchomwa na mkuki uliovunjikia usoni kwake kwenye mchezo wa kupambana kwa mikuki juu ya farasi, mwaka uliofuata mtoto wao mkubwa naye akafa, mama akabaki anaongoza kwa niaba ya Charles IX wa miaka 10 huku Wakatoliki na Waprotestanti wanakaribia kuchinjana. Januari 1562 yeye na Michel de L'Hôpital, kansela wa Ufaransa, wakatoa amri ya kuwaruhusu Waprotestanti kusali hadharani nje ya miji. Karne ile hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Miezi miwili haijaisha watu wa Duke wa Guise, kiongozi wa Wakatoliki, wakaua waumini wa Kiprotestanti kule Vassy, vita ikawaka.

Ila kwangu amri hiyo hiyo ndo inayomfunga. Mtu asiyejua njia nyingine unaweza kumhurumia, Catherine aliijua, aliijaribu kwa mkono wake. Agosti 18, 1572 akamwoza bintiye Marguerite kwa Henri wa Navarre, mtoto wa yule Jeanne, Mprotestanti, na wakubwa wa Kiprotestanti wakajaa Paris. Siku nne mbele Admiral Coligny, kiongozi wa Waprotestanti, akapigwa risasi barabarani, akajeruhiwa tu. Nani alimtuma mpigaji wanahistoria bado wanabishana, wengi wanawaangalia akina Guise, sawa. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 24 mfalme na washauri wake, mama mtu akiwemo, ndo waliokubaliana viongozi wa Kiprotestanti wamalizwe. Sidhani kama alitaka mtaa mzima uchinjane, nadhani alitaka vichwa kadhaa tu, vita isirudi, na mitaa ikaendelea yenyewe mpaka Paris peke yake wakafa kama 2,000 hadi 3,000 na maelfu wengine mikoani. Coligny waliingia wakamuua chumbani na majeraha yake, wakamtupa dirishani. Na wale waliokuwa wamelala ndani ya Louvre, nyumbani kwa mfalme, wageni wa harusi ya mwanae, walitolewa uani wakauawa pale pale.