Mlima wa Newala na hesabu ya treni

Ukipanda basi la asubuhi kutoka Newala kwenda Masasi, kaa siti za nyuma. Gari likianza kushuka, dereva anapangua gia, breki zinalia, na baada ya kona mbili tatu harufu ya kuungua inajaa ndani. Akina mama wanaziba pua kwa kanga. Mimi harufu ile inaniuma, maana ni dizeli iliyochomwa jana kulipandisha gari, leo inateketea mara ya pili. Basi la tani 12 likipanda mita 100 limeweka akiba ya uniti 3 na ushei, uniti hizihizi za umeme tunazonunua kwa LUKU. Likishuka, akiba inaishia kwenye breki.

Nakumbuka hilo kila wanapobishana kijiweni kuhusu reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa. (Tangu reli ya mradi wa karanga wa Nachingwea ing'olewe miaka ya 1960, watu wa kusini reli tunaijadili tu.) Hakosi wa kusema treni ya umeme ya mwendokasi haifai huku, milima itamaliza umeme. Naona mlima unasingiziwa.

Wafaransa walipofungua njia ya Paris hadi Lyon mwaka 1981, waliacha mipando ya asilimia 3.5, yaani mita 3.5 kwenda juu kwa kila mita 100 za njia. Wajerumani, kati ya Cologne na Frankfurt, mwaka 2002 walifika asilimia 4. Mtoto wa baiskeli anayeanza kukanyaga kwa nguvu kabla hajaufikia mlima anajua sababu. Treni inayokimbia kilomita 300 kwa saa imebeba mwendo wa kuipandisha kimo cha kama mita 350 bila mota, tukiuweka pembeni upepo unaoikinza. Kwa kilomita 160, kasi ya SGR yetu, reli mpya ya umeme, ni mita 100. Basi la kilomita 80 ni mita 25 tu. Kasi ikizidi maradufu, kimo kinazidi mara nne.

Bure hakuna, lakini. Treni ya tani 400 ikitaka kushikilia kilomita 300 kwenye mpando wa asilimia 4 inahitaji megawati 13 kwa ajili ya mlima peke yake. ICE 3, treni ya mwendokasi ya Wajerumani, ina megawati 8. Kwa hiyo inapanda huku ikipoteza kasi, na kasi ikipungua upepo nao unalegea, hesabu inabadilika tena. Ndiyo maana modeli ya kweli, ile ya kukadiria umeme utakaotumika, huifuata treni sekunde kwa sekunde. Anayechukua wastani wa mwinuko anajidanganya: kutoka bahari ya Mtwara hadi Ziwa Nyasa tofauti haifiki mita 500, njia inaonekana tambarare, kumbe Songea katikati iko juu ya mita 1,000.

Kinachonifurahisha zaidi ni kushuka. Kwa kilomita 300 kwa saa upepo ni mzito kiasi kwamba mteremko wa asilimia 1 hauhitaji breki. Mlima unasukuma, mota inapumzika, hakuna kilichopotea kwenye breki. Treni ya mizigo inayojikokota mteremko huohuo lazima ishikwe breki. Na hata hapo kuna dawa: treni za madini ya chuma zinazoshuka kutoka Kiruna, Sweden, hadi bandari ya Narvik, Norway, hurudisha umeme kwenye nyaya. Makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga vingeteremka hivyohivyo kuja bandarini kwetu, mabehewa yakishuka yameshiba, yakirudi matupu. Ila umeme ule unahitaji wa kuupokea, treni nyingine au gridi. Modeli isiyopiga hesabu ya kwenda na kurudi, pamoja na ratiba, siitaki.

Na vituo. Kituo kikiwa juu ya kilima, treni inayoingia inapunguzwa mwendo na mlima wenyewe, ikiondoka inasukumwa na mteremko. Juzi nilimweleza utingo haya, harufu ya breki bado puani. Akacheka. "Basi mwalimu, waambie stendi ya Masasi waihamishie kule kwenye majabali."